Kabla hujakata tundu la mfuniko wa nyambizi yako

Mwili wa nyambizi ndogo ni bomba lililozibwa ncha mbili, na anayejua kuchomelea na kupiga hesabu atalimaliza. Shida huanza siku unaposhika chaki kuchora duara pale juu, mahali utakapopita wewe mwenyewe. Kabla hujawasha mashine ya kukatia, soma haya. Mengine ni ya mstari mmoja. Lipo moja ambalo nitalikalia, maana lilinitoa jasho.

Upana kwanza. Jipime ukiwa umevaa jaketi la kuokolea, si kifua wazi. Kata pete ya ubao, ilaze juu ya meza mbili, upenye katikati mara kumi, na mara ya mwisho ufumbe macho. Wengi wetu sentimita 50 zinatutosha. Usijipe 60 kwa kutaka raha, kwa sababu kila mita 10 za kina huongeza karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Duara la sentimita 50 lina sentimita za mraba kama 1,960, kwa hiyo kwenye mita 10 mfuniko umebeba karibu tani mbili, na kwenye mita 30 karibu tani sita. La sentimita 60, kwenye mita hizo hizo 30, linabeba tani nane na nusu.

Mfuniko ukae juu ya shingo na ufungukie nje, ili maji yenyewe yaukandamize. Hilo halina mjadala. Umbo liwe la bakuli lililofudikizwa, si la sahani. Bamba bapa la chuma cha kawaida, unene milimita 12, kipenyo sentimita 50, likifika mita 30 hupata mkazo wa megapaskali (kipimo cha mkazo) 160 hivi pale katikati, na chuma hicho huanza kupinda bila kurudi karibu na 250. Kwenye karatasi limepona. Mimi siingii chini yake.

Tundu linaunyang'anya mwili nguvu, basi pete ya shingo iwe nene kuliko ukuta wa bomba. Chomelea kwanza, kereza baadaye. Ukikereza kikalio cha mpira, yaani pale mpira wa kuzibia maji unapokaa, halafu ndipo uchomelee, joto litakikunja na utahangaika na uvujaji mwaka mzima huku ukilaumu mpira. Tena shingo iwe ndefu, ipite wimbi la mashua inayokatiza karibu. Nyambizi ya Marekani iitwayo Hunley, tarehe 29 Agosti 1863, ilizama karibu na gati ikiwa na mifuniko wazi, na watu watano wakafa maji. Haikuwa imefika kina chochote cha kutisha.

Mpira wa kuzibia: tumia oringi, yaani pete ya mpira, ya nitrili (mpira usioharibiwa na mafuta), moja nzima, si kipande ulichounganisha kwa gundi. Kwa oringi ya milimita 6, mfereji wa kina cha 4.5 na upana wa 8 unafaa, kwani mpira unabanwa kama robo ya unene wake na bado unabaki na nafasi ya kutanuka pembeni. Grisi ya silikoni ipakwe kidogo tu, ing'ae, isirundikane. Kabla ya kila kufunga, pitisha kidole mzunguko mzima. Unywele mmoja unatosha kuingiza maji, na punje ya mchanga inaacha mkwaruzo ambao hautaondoka.

Wageni wa kazi hii hushangaa kwamba mfuniko huvuja zaidi ukiwa karibu na uso wa maji kuliko ukiwa chini. Chini maji yanausukuma, juu hakuna wa kuusukuma. Ndiyo kazi ya komeo: kuubana mpira tangu mwanzo, chuma kikutane na chuma kabla hujazama. Weka tatu au nne kwa nafasi sawa, zifungwe na kufunguliwa kutoka ndani na kutoka nje pia. Kila ekseli inayopenya mfuniko ipate oringi zake mbili. Usisugulishe chuma cha pua kwa chuma cha pua bila bushi ya shaba katikati, vitang'ang'aniana siku usiyoitaka. Bawaba nayo iwe na tundu la mviringo wa yai, ilegee kidogo, mfuniko ujikalishe wenyewe. Bawaba iliyobana huuma upande mmoja na kuacha upande wa pili wazi.

Sasa lile jambo.

Chombo changu cha kwanza kilikuwa na haya yote isipokuwa moja. Kilikuwa cheusi, kikashinda juani asubuhi nzima, mfuniko umefungwa ili vumbi lisiingie. Adhuhuri nikaingia, nikafunga upesi, tukakishusha ziwani. Kipimajoto cha ndani kilisoma 45. Nilikaa chini zaidi ya saa moja, maji ya nyuzi 22 yakinipoza vizuri, nikiwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu kwa sababu halikuingia hata tone. Nikapanda juu. Nikafungua komeo zote, nikasukuma mfuniko. Kimya. Nikasukuma kwa bega, kwa kichogo, nikalala chali nikasukuma kwa miguu. Mwenzangu aliyekuwa kwenye mashua akavuta mpini kutoka nje mpaka mpini ukapinda. Nikamsikia akiuliza kama mtaimbo uko wapi.

Tulidhani mpira umegandamana. Haukuwa mpira. Hewa niliyoifungia ndani ikiwa na moto ilikuwa imepoa, na hewa ikipoa kwenye chombo kisichobadilika ukubwa, shinikizo lake hushuka. Kutoka nyuzi 45 hadi 22 ni kushuka kwa asilimia 7 hivi. Sikia tu "asilimia 7" utaiona ndogo. Izidishe kwa upana wa mfuniko wa sentimita 50 upate kilo kama 140, zimekaa juu ya kichwa chako, na wewe umejikunja ndani ya bomba. Tena nilikuwa na chokaa ya kunyonya kaboni dioksidi bila kuongeza oksijeni, kwa hiyo kila pumzi yangu ilikuwa inazidi kuipunguza hewa ile. Kadiri nilivyohangaika kusukuma, ndivyo nilivyozidi kuufunga.

Kilichoniokoa ni nati inayobana tundu la kupitishia waya wa taa, juu kabisa ya shingo, ambayo ilikuwa wazi nje ya maji. Niliilegeza kwa spana, hewa ikaingia kwa mluzi mwembamba uliodumu zaidi ya dakika nzima. Mluzi ulipokwisha, niliuinua mfuniko kwa vidole viwili. Mwenzangu alikuwa amesimama na mtaimbo mkononi. Angeutumia, kikalio cha oringi kingekuwa cha kutupa.

Kwa hiyo: vali ya kusawazisha hewa. Ndogo, ya nusu inchi, ya kugeuza robo mzunguko, ikae juu ya shingo mahali ambapo haifikiwi na maji chombo kikielea, ifunguke kwa mkono wa ndani na wa nje. Na ndani uwe na kipima shinikizo la hewa cha kukuambia hewa imepanda au imeshuka. Vali ifunguliwe kabla ya komeo, kila mara. Kinyume chake kipo pia: mtungi wa hewa ukivuja ndani polepole, shinikizo hupanda, na sehemu ya kumi tu ya baa (baa moja ni karibu kilo moja kwa sentimita ya mraba) ni kilo 200 zinazousukuma mfuniko nje zikizuiliwa na komeo peke yake. Ukifungua komeo hapo, mfuniko unaruka na aliyeinama juu yake anapigwa usoni.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayokufunga ukikwama chini. Ukiwa mita moja tu chini ya maji tayari ni kilo karibu 200, hakuna shujaa wa kusukuma. Mjerumani Wilhelm Bauer, muunda nyambizi, alilijua hilo chombo chake kilipozama kwenye bandari ya Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, tarehe 1 Februari 1851, akiwa na wenzake wawili. Aliwashawishi waache maji yaingie, wasubiri, mpaka shinikizo la ndani lilipolingana na la nje. Mfuniko ukafunguka na wote watatu wakatoka hai. Basi weka na vali ya kuingizia maji, ifikike ukiwa gizani, na ufanyie mazoezi ya kutoka kwenye maji mafupi ukiwa na watu wa kukusaidia. Kutoka huko huku umebana pumzi hupasua mapafu, hivyo hewa itoke mdomoni njia nzima.

Majaribio ya kwanza chombo kishuke bila mtu, kwa kamba, kina kikizidi kile unachokusudia kufika. Rangi usiipake kwenye kikalio wala kwenye matundu ya vali. Mwaka 1939 nyambizi ya Uingereza Thetis ilizama kwenye majaribio na watu 99 wakafa, na katika chanzo chake kulikuwa na kitundu cha kupimia maji kilichozibwa na rangi. Kama mfuniko una dirisha la akriliki, usilifute kwa petroli, spiriti wala asetoni, litajaa nyufa za nywele. Tazama kutu ndani ya mfereji wa oringi, si nje tu. Mtu wa mashua ajue kufungua kutoka nje, na mshale wa upande wa kugeuzia uchorwe kwa patasi, kwa sababu rangi hufutika. Na pete ya kidoleni ivue kabla hujashika mfuniko.