Somo: Mtoto akienda kwa baba likizo ndefu, hela ya matunzo inakuwaje?

Desemba ikikaribia, ugomvi ni uleule. Mtoto anaishi na mama Mwanjelwa, baba yuko Mafinga kwenye mbao, shule zimefungwa. Baba anauliza: "Si nitamlisha mimi? Nitume hela ya nini tena?" Mama anamjibu kwamba kodi ya nyumba haiendi likizo. Wote wana hoja.

Hatua ya 1. Angalieni mmeshika karatasi gani. Kama ni amri ya mahakama chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na haisemi lolote kuhusu likizo, kiasi kile kinadaiwa mpaka mahakama ikibadilishe. Ukikata mwenyewe unajitengenezea deni. Kama mliandikishana kwa Afisa Ustawi wa Jamii, rudini kwake mkaongeze kipengele cha likizo.

Hatua ya 2. Tenganisheni gharama. Hapa msiharakishe. Zipo zinazomfuata mtoto: chakula, sabuni, hela ya mfukoni. Zipo zinazobaki: kodi, ada, bima, sare. Tuseme baba hutuma 150,000 kwa mwezi, na chakula na vidogovidogo ni 60,000. Mtoto akikaa Mafinga mwezi mzima, kinachozungumzika ni hiyo 60,000 tu; 90,000 inaendelea kwenda kwa mama. Akikaa wiki mbili, mnazungumzia 30,000. Sheria haijaweka kanuni ya hesabu hii. Mahakama hupima kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, kwa hiyo hesabu yenu ni ya kukubaliana. Mimi huwa nawashauri wasiikate hata hiyo 60,000, waitunze kwa viatu na madaftari ya Januari. Wababa wengi hununa, lakini Januari mnaijua.

Hatua ya 3. Andikeni: tarehe ya kwenda na kurudi, nauli ya nani, akiugua nani analipa, kiasi cha kawaida kinarudi mwezi gani. Wekeni sahihi mbele ya shahidi. (Na sweta. Mafinga hapaendwi na fulana.)

Hatua ya 4. Tumeni kwa simu, na msifute ujumbe wa muamala. Baiskeli aliyonunuliwa mtoto ni zawadi, usiikate kwenye matunzo.

Hatua ya 5. Mkishindwana, anzieni Ustawi wa Jamii halmashauri, kisha ombi la kubadili amri Mahakama ya Watoto. Jiji la Mbeya lina yake. Kwingine baadhi ya mahakama za mwanzo zimepewa kazi hiyo.

MASWALI

Mama wa Njombe: Baba hajatuma tangu Agosti. Nimzuie mtoto asiende?
Jibu: Usimzuie, dada. Kumwona baba ni haki ya mtoto. Deni lidai kivyake, na meseji zako ndizo ushahidi.

Bibi wa Ilula: Mjukuu naishi naye mimi, mama yake yuko Dar. Naweza kudai?
Jibu: Shikamoo bibi. Ndiyo, hata ndugu au mlezi anaruhusiwa kuomba matunzo.

Baba wa Tukuyu: Alikuja likizo, sasa ni Machi, mama hajamfuata. Niendelee kutuma?
Jibu: Kaka, hiyo si likizo tena. Kama kuna amri, endelea kutuma huku ukipeleka ombi ibadilishwe, wiki hiihii. Na huyo mtoto tangu Januari anasoma wapi? Hakimu ataanza na hilo.