Kagua tairi asubuhi gari ikiwa bado baridi, hasa wewe wa Malindi

Watu wengi hapa Malindi wakikagua tairi wanaangalia meno tu, meno yapo basi safari. Lakini gari nyingi za huku hazitembei sana, hii inaenda Ganda na kurudi, ile imelazwa Casuarina miezi kadhaa inangojea mwenyewe arudi, kwa hiyo unakuta tairi meno yamejaa kama ya jana lakini mpira umeshakufa kwa jua. Hiyo ndiyo inayopasuka ukiwa mbio barabara ya Mombasa, na fundi akiangalia anakwambia lakini tairi ilikua nzima!

Basi anza na umri. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT, fuata mpaka namba nne za mwisho. Ukiona 2319, hiyo imetoka kiwandani wiki ya 23 mwaka 2019. Usipoziona nje inama uangalie upande wa ndani, mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu. Kampuni za tairi nyingi zinasema ikishapita miaka 5 ikaguliwe na fundi kila mwaka, na miaka 10 ndio mwisho kabisa hata kama meno yapo. Mimi kwa jua la huku siwezi kungoja 10, na nyufa ndogo ndogo ubavuni zikishaanza mimi sibishani nazo tena. Ukinunua za mtumba ndio usome vizuri zaidi, maana zinapakwa dawa nyeusi zikang'aa ukadhani mpya.

Halafu upepo. Pima kabla gari haijatoka, sio ukishafika sheli saa saba mchana umetoka Marereni, kwa sababu tairi ikipata moto presha inapanda yenyewe, sasa wewe unaona geji imezidi unapunguza, kesho asubuhi ikipoa iko chini. Na tairi yenye upepo kidogo ndio hatari, ubavu unajikunja kila ikizunguka, unapata moto kutoka ndani mpaka waya na nyuzi zinaachana, hapo ndio mlipuko. Kipimo chako kiko kwenye kile kikaratasi cha mlangoni upande wa dereva, gari ndogo nyingi ni PSI 30 hadi 35 hivi, na ukijaza watu na magunia ya nazi kuna kipimo chake cha mzigo hapo hapo. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye tairi yenyewe ni mwisho wake wa kubeba upepo, usijaze hiyo jamani, hata kama kijana wa kompresa amezoea kumjazia kila mtu sawa. Hata bila pancha upepo unapungua wenyewe kila mwezi, kwa hiyo angalau mara moja kwa mwezi pima.

Ukishamaliza pitisha mkono juu ya meno ya tairi. Katikati pameisha, upepo ulikua mwingi. Pembeni zote mbili, ulikua kidogo. Upande mmoja tu, peleka alainimenti, yaani magurudumu yanyooshwe. Ukikuta nundu ubavuni hiyo haizibwi, badilisha. Meno nayo, chini kwenye mifereji kuna vituta vidogo, meno yakilingana navyo yamebaki milimita 1.6 na mvua za Aprili na Mei hizo gari itateleza juu ya maji kama haina breki.

Spea usiisahau, hiyo ndio inazeeka bila mtu kujua, na ukienda Mokowe ama Sala huko njiani fundi wa pancha humpati unapomtaka. Hakikisha jeki inapanda na wilisipana inaingia kwenye nati. Na ukifungiwa tairi mpya Malindi ukaelekea Mombasa, ukifika Kilifi simama kidogo ukaze nati tena, zinalegea kilomita za kwanza.