Kuisaka Zc(3900) kwa kompyuta mpakato

Vijana watano niliokaa nao Nyegezi, Mwanza, kufanya zoezi hili la kuisaka chembe Zc(3900) wote walikwama hatua ya tatu. Nitakaa hapo zaidi; nyingine tutazipita haraka.

Mwaka 2013 kikundi cha BESIII, Beijing, kiligonganisha elektroni na positroni kwa nishati ya 4.26 GeV (kipimo cha nishati, na hapa cha tungamo na momenta pia), kikakusanya matukio, yaani migongano, yaliyotoa chembe nyepesi mbili zenye chaji, pioni, na chembe nzito J/ψ. Ikaonekana mara nyingine pioni moja na J/ψ zimetoka kwa mzazi mmoja mwenye tungamo la karibu 3.9 GeV. Sasa, J/ψ ni kwarki chamu na kinyume chake, haina chaji. Mzazi huyu, aliyeitwa Zc(3900), anayo, na kwa kuwa humzaa J/ψ anabeba jozi hiyo ya chamu pia. Basi kwarki mbili hazitoshi, zinatakiwa angalau nne. Belle, Japani, nao waliiona mwaka huohuo.

Kwa mazoezi, andika programu ya Python itengeneze matukio ya bandia: mengine yapitie Zc, mengine yasambae ovyo.

Hatua ya 1. Bakiza matukio yenye nyayo nne (njia za chembe zenye chaji), chaji zake zikijumlishwa ziwe sifuri. Zenye momenta juu ya 1 GeV ni leptoni, yaani elektroni au muoni zilizotoka J/ψ ilipovunjika, za chini ni pioni. Kutenganisha sangara na sato ni kazi kubwa kuliko hii.

Hatua ya 2. Kokotoa tungamo la zile leptoni mbili kwa pamoja: m² = E² − p² (E ni jumla ya nishati zake, p ya momenta zake). Chukua kati ya 3.08 na 3.12 GeV.

Hatua ya 3. Pioni ni mbili, kwa hiyo kila tukio lina jozi mbili za pioni na J/ψ, na hata tukio likipitia Zc, moja tu ndiyo ya kweli. Kijana mmoja alijaza zote kwenye histogramu, akaruka akisema amegundua chembe mpya penye 3.5 GeV. Haikuwa chembe. Nishati ya jumla haibadiliki, hivyo Zc ya kweli upande mmoja huacha kivuli chake upande wa pili. Chukua jozi yenye tungamo kubwa, moja kwa kila tukio. Kisha usitumie tungamo ghafi: toa lile la hatua ya 2, jumlisha 3.0969, tungamo linalojulikana la J/ψ. Makosa ya kupima leptoni hupungua sana, na kilele kinasimama.

Hatua ya 4. Dagaa wa kuanikwa ufukweni huja na mchanga, na mnunuzi wa soko la samaki la Mwaloni hakubali kupimiwa mchanga; kwetu mchanga ni matukio yasiyo na J/ψ. Rudia hatua ya 3 kwa matukio ya pembeni, 3.00–3.06 na 3.14–3.20 GeV, ambako J/ψ haipo. Upana wa pembeni zote mbili ni mara tatu ya dirisha lako la hatua ya 2, basi gawa idadi ya matukio kwa 3 ndipo ulinganishe. Kilele kikitokea na huko, umepima mchanga.

Hatua ya 5. Pitisha mchoro wa Breit-Wigner (fomula ya umbo la kilele cha chembe isiyodumu) juu ya usuli laini, yaani matukio yasiyopitia Zc. BESIII walipata 3899.0 MeV (MeV 1000 ni GeV 1), upana MeV 46, kwa matukio kama 307. Wewe linganisha na namba ulizoziweka mwenyewe kwenye programu.

Na hifadhi faili kila hatua. Umeme ulinikatikia saa nane usiku nikiwa ya nne, nikaanza upya.