SOMO: Kuziona Galaksi za Antena (NGC 4038 na 4039) kwa darubini ya inchi 8

Naandika hapa mara moja, nimechoka kujibu swali lile lile faragha. Galaksi hizi zinazogongana huku kwetu tunaziona vizuri kuliko walioko Ulaya, maana kundi la nyota la Kunguru, zilimo galaksi hizi, linatupitia karibu na utosi.

1. Subiri masika yaishe. Mwanzoni mwa Juni, usiku usio na mwezi.

2. Toka mjini.

3. Kaa gizani nusu saa. Simu mfukoni.

4. Tafuta Spika, nyota angavu. Kusini-magharibi yake kuna nyota nne za Kunguru. Inayong'aa zaidi ni Gienah.

5. Hapa ndipo watu wanapopotea. Weka Gienah ukingoni mwa darubini ndogo ya kulengea. Ukingo wa pili, kusini-magharibi, kiasi cha digrii 4, kuna nyota hafifu: 31 Crateris. Ilete katikati, kisha panda kaskazini, digrii moja kasoro. ANGALIZO: darubini ya vioo inapindua picha. Sukuma bomba kidogo kuelekea kaskazini. Nyota mpya zinakoingilia ndiko kaskazini. La pili: Dobson (darubini ya vioo inayozunguka juu ya kitako) ikielekea utosini haigeuki vizuri, inarukaruka na shabaha inapotea. Usihangaike nayo. Ngoja saa tatu usiku, Kunguru ameshainama magharibi.

6. Anza na ukuzaji wa mara 50, ukishapata panda hadi 120. Utaona ukungu uliopinda kama kamba aliyejikunja.

MASWALI

— Mkuu nimetazama jana sijaona kitu. Darubini mbovu?
Jana mwezi ulikuwa mpevu. Rudi namba 1.

— Nipo Kariakoo, nitaziona?
Namba 2.

— Nikiukazia macho ule ukungu unapotea, nikitazama kando unarudi. Kwa nini?
Umeona vyema sana, ndugu. Katikati ya jicho kumejaa seli za rangi, zinazohitaji mwanga mwingi. Seli za gizani ziko pembeni. Kwa hiyo lenga kando kidogo makusudi, na ugongegonge bomba taratibu, maana jicho hushika haraka kitu hafifu kinachotikisika. Mwanga huo umesafiri zaidi ya miaka milioni 60, hauhitaji kuharakishwa.

— Ile mikia ya kwenye picha?
Kwa inchi 8 usiitegemee. Hata mwanaanga William Herschel, aliyezigundua galaksi hizi mwaka 1785, hakuzipa jina kwa mikia. Jina la Antena lilikuja na picha.

— Umande unaniharibia lenzi, nafuta kwa khanga.
Acha kabisa, unakwaruza! Zungushia kadibodi mbele ya bomba.

— Na jirani kuna nini kingine?
M104, galaksi nyingine, digrii 5 na nusu kaskazini ya Algorab, mojawapo ya zile nyota nne za Kunguru. Inang'aa zaidi, hata inchi 4 inaipata.