Kumpima mshambuliaji mkongwe wa hoki ya barafuni kabla hujamwekea mkataba mezani

Rafiki yangu anaendesha kikosi cha kubuni kinachofuata kanuni za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini. Majuzi alitaka kumfunga mshambuliaji wa miaka 33 kwa mkataba wa miaka mitano, hoja yake ikiwa moja tu: mabao ya msimu uliopita. Tulikaa na takwimu hadi akalegeza msimamo. Njia tuliyopita ndiyo hii.

Hatua ya 1: Kusanya takwimu

Za uchezaji zipo kwenye tovuti za MoneyPuck na Natural Stat Trick, za mikataba zipo PuckPedia. CapFriendly, tovuti nyingine ya mikataba, ilinunuliwa na timu ya Washington Capitals ikafungwa mwaka 2024, kwa hiyo viungo vyake vya zamani achana navyo. Chukua misimu mitatu.

Hatua ya 2: Tenga uwezo na bahati

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu huharakisha.

Anza na asilimia ya mashuti yanayozaa mabao. Ilinganishe na wastani wa mchezaji huyohuyo katika maisha yake yote ya uchezaji, si na wastani wa ligi, maana anayesimama mbele ya goli kugusagusa kisahani (kinachochezwa badala ya mpira) atakuwa na asilimia ya juu kila mwaka kuliko anayepiga kutoka mbali. Ikiwa kawaida yake ni asilimia 12 na msimu uliopita alifikisha 18, zidisha mashuti yake kwa asilimia 12 uone mabao yanabaki mangapi. Hayo yaliyobaki ndiyo ya kulipia.

Kisha tazama mabao tarajiwa, yaani makadirio ya mabao kutokana na ubora wa nafasi alizopata. Mabao yakipungua huku nafasi anazozipata zikibaki zilezile, sina wasiwasi naye. Nafasi zenyewe zikipungua msimu baada ya msimu, hapo nina wasiwasi hata kama bado anafunga.

Tenganisha pia dakika za watano kwa watano na zile ambazo mpinzani ana mtu kwenye benchi la adhabu. Mkongwe anaweza kujaza pointi zake (mabao na pasi za bao) kwenye hizo za pili kwa kuwa tu kocha amempanga na nyota wa timu. Akihamia kwako, nafasi hiyo unayo? Kama huna, pointi hizo usizihesabu. Hesabu zote zifanye kwa kila dakika 60 za uwanjani. Hesabu ya kwa mechi humpendelea anayepangwa sana.

Kwenye pasi za bao, kumbuka NHL hutoa hadi mbili kwa kila bao. Ile ya kwanza, iliyomfikia mfungaji, huipa uzito mkubwa. Ya pili hupanda na kushuka bila mpango. Mwisho wa yote, angalia aliocheza nao safu moja: wanapotenganishwa, nani huporomoka?

Mifano miwili. Loui Eriksson alifunga mabao 30 akiwa Boston msimu wa 2015-16. Vancouver wakampa miaka sita kwa dola milioni 36, akiwa anakaribia kutimiza miaka 31. Msimu wa kwanza alifunga 11. Joe Pavelski alifunga 38 akiwa San Jose msimu wa 2018-19, akaenda Dallas kwa miaka mitatu na dola milioni 21, na msimu wa kwanza akafunga 14 katika mechi 67. Ukiishia hapo utadhani hadithi ni moja. Lakini Pavelski akiwa na miaka 37 alimaliza msimu wa 2021-22 na pointi 81. Ndiyo maana kuna hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Miguu au mikono?

Wengine huishi kwa mbio, wengine kwa mikono na akili ya kujua pa kusimama. Mbio huondoka mapema. Kugeuza shuti la mwenzako mbele ya golikipa, kazi aliyosifika nayo Pavelski, hudumu. NHL EDGE, takwimu za ligi za mwendo wa wachezaji, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2023, inaonyesha ni mara ngapi mchezaji alivuka maili 20 kwa saa. Idadi ikishuka kwa mchezaji wa mbio, punguza ofa. Ikishuka kwa mtu wa mbele ya goli, wala sijali sana. Bado napenda kutazama mechi tatu nzima, hasa dakika za mwisho za kipindi cha tatu.

Hatua ya 4: Bei

Usilinganishe dola na dola. Linganisha asilimia ya ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho timu inaruhusiwa kulipa wachezaji wake wote kwa msimu. Milioni 7 za Pavelski kwa mwaka zilikuwa kama asilimia 8.6 ya ukomo wa milioni 81.5 wa msimu wa 2019-20. Kwa ukomo wa milioni 95.5 wa 2025-26, asilimia hiyo ni zaidi ya milioni 8.

Hatua ya 5: Tarehe ya kuzaliwa

Mchezaji aliyefikisha miaka 35 kufikia Juni 30, kabla ya msimu ambao mkataba unaanza, ana kanuni zake. Mkataba wa miaka mingi unaweza kuendelea kukukalia kwenye ukomo hata akistaafu. Pavelski alizaliwa Julai 11, 1984. Aliponea kundi hilo kwa siku 11, na mkataba ule haukuhesabiwa humo.

Upande mzuri ni kwamba mwenye miaka 35 akisaini mwaka mmoja unaweza kumpa mshahara mdogo na bonasi za utendaji. Mimi humpa huo tu, hata wakala akinung'unika. Bonasi zikivuka ukomo, ziada huhamia msimu unaofuata, kwa hiyo iachie nafasi.

Hatua ya 6: Mlango wa kutokea

Kuvunja mkataba wa mwenye miaka 26 na zaidi hugharimu theluthi mbili ya mshahara uliobaki, zikigawanywa kwa mara mbili ya miaka iliyosalia. Miaka miwili ya milioni 6 kila mmoja inakuwa milioni 2 kila mwaka kwa miaka minne. Sehemu iliyoandikwa kama bonasi ya kusaini haipungui hata senti, nao mkataba wa Eriksson ulijaa bonasi hizo. Wakala akizitaka, punguza miaka.