Kabla Hujameza Iodini ya Mionzi, Macho Yakaguliwe

Ugonjwa wa Graves, ule unaomkondesha mtu huku akila vizuri na kuupeleka moyo mbio hata akiwa amekaa, hauishii shingoni. Kinga ya mwili ile ile inayoichochea tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, itoe homoni kupita kiasi huweza kushambulia pia mafuta na misuli iliyo nyuma ya jicho. Vitu hivyo vikivimba ndani ya tundu la mfupa lisilotanuka, jicho halina pa kwenda ila mbele. Kwa hiyo, kabla hujakubali tiba ya tezi, jiandae.

Chukua picha yako ya zamani, hata ya kitambulisho, umwoneshe daktari, maana wewe na jamaa zako mmekwisha kuizoea sura ya sasa. Majibu yote ya homoni yaweke kwenye faili moja, lakini usitulizwe na jibu kwamba homoni ziko sawa, kwani macho yana mwendo wake na huweza kuharibika kabla ya tezi au miaka baada yake. Sigara acha. Sisemi upunguze.

Lililonigharimu mimi ni iodini. Nilimeza kabimazoli, vidonge vya kupunguza homoni za tezi, mwaka mmoja na nusu, nikapata nafuu, nikaacha, ugonjwa ukarudi. Hospitalini nikashauriwa kumeza iodini ya mionzi, ambayo huiua tezi, mara moja tu ili niachane na vidonge. Siipingi tiba hiyo, kwani imetumika tangu miaka ya 1940 na imewafaa wengi. Ila hakuna aliyeniuliza habari za macho, ambayo kila asubuhi yalikuwa kama yametiwa mchanga, nami sikusema, nikidhani ni vumbi la barabara iliyokuwa ikijengwa mtaani kwetu. Wala sikuitaja pakiti ya sigara iliyokuwa mfukoni mwa shati.

Mwezi wa pili baada ya kumeza, mke wangu alinitikisa usiku akiuliza, "Baba Neema, umelala au uko macho?" Nilikuwa nimelala, kope ndizo zilizokuwa hazifungi. Wiki chache baadaye nikaiona ngazi ya daladala kuwa mbili, nikakanyaga ile isiyokuwepo, nikaanguka kwa magoti mbele ya kondakta, ambaye alinishauri nipunguze pombe.

Daktari wa macho aliyenipokea ndiye aliyenifafanulia kwamba iodini inapoiua tezi, kingamwili zinazosababisha ugonjwa huu hupanda kwa miezi kadhaa, na mvutaji ambaye macho yake yamekwisha kuguswa ndiye aliye hatarini zaidi. Mtu wa namna hiyo huweza kubakizwa kwenye kabimazoli mpaka macho yatulie, au akapewa vidonge vya prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, kuanzia siku za iodini, dozi ikishushwa polepole kwa wiki kadhaa. Basi uliza mapema, tena kwa sauti: macho yangu yamekaguliwa na nani, nitapewa prednisoloni au la, na homoni zitapimwa tena lini? Swali la mwisho usiliruke, kwa sababu tezi ikizorota baada ya iodini na thairoksini, vidonge vya kufidia homoni ya tezi, ikachelewa, macho huzidi kuvimba.

Nyumbani weka machozi ya bandia, miwani ya jua, mafuta ya macho ya usiku na plasta laini ya kufungia kope zisizofunga, kisha lalia mito miwili. Kila siku ziba jicho moja, utazame kitu chekundu, kisha ubadilishe. Wekundu ukionekana umefifia kwa jicho moja, huenda neva ya jicho inabanwa, na hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja kliniki ya Jumatatu.

Upasuaji wa kurekebisha usiukimbilie ugonjwa ungali moto, isipokuwa neva au konea, kile kioo cha mbele ya jicho, iko hatarini. Kwa kawaida husubiriwa utulivu wa miezi sita hivi, ndipo huanzwa na mfupa wa tundu la jicho, kisha misuli, kope zikiwa za mwisho. Miwani mipya nayo ingoje. Matone ya jirani aliyepona macho mekundu usiyaguse, dawa ya kienyeji usitie jichoni, na ukiona vitu viwiliviwili usiendeshe chochote, hata bodaboda ya kufika dukani.