Andika 3' na 5' kwanza, vimeng'enya baadaye
Kidato cha sita hapa Tabora mnaochora DNA ikijinakili: kabla ya kimeng'enya chochote, andika 3' na 5' (majina ya ncha mbili za kila uzi) kwenye ncha za nyuzi mama, zile zinazonakiliwa. Kisha pitisha kalamu kutoka 3' kwenda 5', maana polimerasi (kimeng'enya kinachojenga uzi mpya) husoma uzi mama kuelekea huko tu. Kalamu ikifuata panapofunguka, uzi huo unanakiliwa mfululizo. Hapo ni polimerasi epsiloni. Ikipakimbia, chora vipande vya Okazaki (vipande vifupi vya uzi mpya), kazi ya polimerasi delta. Kwenye seli zenye kiini kila kipande ni nyukliotidi (viungo vya uzi wa DNA) 100–200 hivi, si 1,000–2,000 za bakteria (watu wengi huchanganya hapa). Ukichora kiputo kizima (sehemu yote iliyofunguka, pande zote mbili) njia hii inakwama: ng'ambo ya kianzio, pale unakili unapoanzia, uzi uleule hubadilika kazi, kwa hiyo pima kila upande peke yake.